Sindano Katika Lami Kuukuu

Jumatatu, 3 Februari

Mhandisi ametaka kumbukumbu za vipimo ziwekwe ofisini, na zimewekwa. Huku naandika yasiyopimika, maana nikiyabeba moyoni nitamfokea mtu asiyehusika, na mdomo wangu naujua.

Leo mashine imeanza kuikwangua barabara ya zamani, kutoka zahanati hadi darajani. Malori yamekuja kumwaga kifusi cha lami hapa uwanjani, upande wa ukuta wetu. Ndiyo, wetu: nyumba tulimozaliwa imepakana na uwanja wa mtambo wa kuchanganyia lami, na Mama akisimama kwenye dirisha la jikoni anakiona kilima cheusi kinavyokua. Kaka amekizunguka kilima hicho mchana kutwa, mikono nyuma, utadhani ni ng'ombe anayetaka kumnunua.

Wazo hili ni lake. Wengine wote walitaka lami ya zamani itupwe na iletwe mpya. Yeye, nyapara tu, alisimama kikaoni akasema lami haifi, inazeeka. Ikikaa juani miaka mingi inakaukiwa mafuta, inakuwa ngumu na kuvunjikavunjika. Ukiipa mafuta mengine, haya mazito tunayoyaita dawa, pamoja na moto wa kiasi, inalainika na kushika mawe tena. Moto ukipungua haichanganyiki. Moto ukizidi, dawa inapaa na moshi, na lami inazeeka mara ya pili mtamboni.

Mhandisi alimkubalia kwa sharti, na leo amelirudia mbele yetu sote kwa ile sauti yake ya taratibu. "Nyapara, mvua za kwanza ndizo zitakazotuamulia. Barabara ikishika, utaratibu huu utaendelea na wewe utaendelea. Ikiachia, nitaleta lami mpya na nyapara mpya."

Kaka alicheka. Mimi sikucheka. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyeacha shule yake ili mimi nimalize yangu, na hata kazi hii ya maabara ni yeye aliyenitafutia. Akimwaga unga mzee huyu, sijui nitakula wangu kwa uso gani.

Jumanne, 4 Februari

Vumbi. Mama amekohoa mpaka chai ikamwagika mapajani.

Alhamisi, 6 Februari

Kipimo cha kwanza. Naosha mawe kwa kiyeyushi, natoa lami iliyomo, naiacha itulie kikoponi, kisha naiangushia sindano nione imezama kiasi gani. Ikizama vizuri, lami imerudi. Ikigoma, bado kuukuu. Kwa sababu hiyo uwanja mzima wananiita Dada Sindano, na nawajua wasiomaanisha kazi.

Leo imezama vizuri sana. Nilimwita Kaka aone mwenyewe. Alikitazama kikopo, akaniambia, "Mdogo wangu, bibi kizee amerudi kuwa msichana." Mwendesha mtambo alikuwa mlangoni akadakia, "Ni mapishi, nyapara, si dawa." Huyu anajiita Mpishi, na mtambo anauita chungu chake. Ana maneno mengi na kofia moja isiyofuliwa. Kaka anampenda. Mimi bado.

Jumatatu, 10 Februari

Kipande cha zahanati kimetandazwa na kushindiliwa. Joto kali. Sindano imezama.

Ijumaa, 14 Februari

Kuna jambo. Mchanganyiko wa kipande cha kona umepimwa, na sindano imezama kidogo kuliko wiki iliyopita. Si vibaya, unapita kwa kubanwabanwa, lakini sipendi kitu kinachopita hivyo. Asubuhi niliona moshi wa buluu juu ya bomba la mtambo, na moshi huo maana yake ni moja tu: mafuta yanaungua.

Nikamfuata Mpishi kwenye kibanda chake cha vitufe.

"Mzee, moto wako umezidi."

"Umezidi kwa nani? Chungu kinaniambia kinataka moto."

"Chungu hakina mdomo."

"Wewe unao wa kutosha, dada. Tugawane."

Vibarua wakacheka. Niliondoka masikio yakiwaka.

Jumatatu, 17 Februari

Nimechukua sampuli ya kifusi juu ya kilima. Kikavu kabisa, kinameguka mkononi. Kifusi hakina kosa.

Jumatano, 19 Februari

Tumeanza mteremko, kipande kinachoshuka kutoka kona hadi darajani. Hapo ndipo maji ya mji mzima hupita mvua ikinyesha, na hapo ndipo barabara ya zamani ilipoanza kung'oka. Kikishika hapo, kimeshika kote. Kikiachia hapo, Kaka hana tena pa kusimama.

Sindano imegoma. Nimerudia kipimo na bado imegoma. Nikaenda kukagua mapipa ya dawa, kwani nilishafikiri mabaya: labda inaibwa, labda inapunguzwa. Imetumika kama ilivyoagizwa. Dawa inaingia yote, na inapofika barabarani haipo. Ni moto. Ni yule mtu na kofia yake.

Nimemwambia Kaka wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa anakula, akaendelea kula.

"Mpishi ni mtu wangu wa miaka yote," akasema. "Nitaongea naye."

"Utaongea naye lini? Mteremko unatandazwa leo."

"Nimesema nitaongea naye, mdogo wangu. Usinikalie kooni."

Kaka si mtu wa kusema hivyo.

Alhamisi, 20 Februari

Kikohozi cha Mama kimepungua tangu wiki iliyopita, na tangu juzi hajakohoa kabisa. Amekaa kibarazani akichambua mchele, amechangamka, akamsifu Kaka mpaka nikaona wivu: mtoto anayejua kumsikia mama yake, mtoto aliyelituliza vumbi. Nikadhani upepo umegeuka. Nilifurahi tu kumwona anapumua.

Jioni wingu dogo juu ya milima. Halikuwa na maji, lakini lilikuwepo.

Jumamosi, 22 Februari

Moshi wa buluu tena. Nimenyamaza, kwa shida.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefanya kitu, na bado sijui kama nijisifu.

Mhandisi alikuja kukagua. Nikampeleka kwenye sampuli za mteremko. Aliinama mezani, akaiona sindano imesimama juu ya lami kama imekanyaga kigae. Akauliza kwa nini. Nikasema, na watu wote walikuwepo, kwamba mwendesha mtambo anazidisha moto ili amalize mapema, kwamba nimemwonya, na kwamba ananijibu kwa mizaha. Nilisema vizuri. Nikiwa na hasira huwa nasema vizuri sana.

Mhandisi akamgeukia Mpishi. "Moto umezidisha?"

"Nimezidisha," akajibu.

"Kwa nini?"

Mpishi hakumtazama Mhandisi. Alimtazama Kaka. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Tulikaa hivyo mpaka Mhandisi alipochoka kusubiri, akasema, "Basi nenda nyumbani mpaka nitakapokuita."

Mpishi akavua glavu, akaziweka juu ya mashine kwa adabu. Aliponipita akasema, "Chungu nakuachia, Dada Sindano." Hakukuwa na mzaha ndani yake, na hilo ndilo linalonisumbua hadi sasa. Nilitaka anitukane.

Jumatano, 26 Februari

Kaka anaendesha mtambo mwenyewe. Moshi wa buluu upo pale pale. Nimepima: sindano imegoma kuliko hata siku za Mpishi.

Nimekaa na kikopo mezani. Kama mtu ameondoka na kosa limebaki, basi kosa halikuwa la mtu huyo.

Ijumaa, 28 Februari

Mawingu yamekuwa mengi. Mteremko umebaki theluthi. Wazee wa stendi wanasema mvua itafika kabla ya katikati ya Machi, na kila anayesema hivyo anatazama juu kwanza.

Asubuhi nilikuwa nimesimama karibu na kifusi nikimsubiri Kaka, na tingatinga likaingia kuchota. Dereva wake leo hakukwangua pembeni kama kawaida. Alizamisha bakuli la mashine tumboni mwa kilima, akainua. Kifusi kilichotoka humo kilikuwa cheusi kuliko cha nje, na pembeni mwa bakuli kilidondosha matone. Nikamwashiria asimame. Nikatia mkono. Ukatoka umelowa hadi kwenye kiwiko.

Nimefunzwa hivi tangu siku ya kwanza chuoni: sampuli ya lundo huchimbuliwa, haiokotwi. Mimi nilikuwa napanda juu, naokota ngozi iliyochomwa na jua, narudi mezani nasema kifusi kikavu. Ndani kulikuwa na maji. Kifusi chenye maji hakipati joto, anayeendesha anaongeza moto ili akikaushe, maji yanatoka na dawa inatoka nayo. Kila kitu kilijipanga kichwani kwa mara moja.

Lakini mvua haijanyesha. Maji yalitoka wapi?

Nikaenda kwa dereva wa boza, anayemwagilia njia za malori. Alikuwa anakula karanga.

"Kifusi unakimwagilia?"

"Kila alasiri," akasema, bila wasiwasi wowote. "Wewe unakuwa umeshaenda barabarani. Asubuhi jua linakausha juu, lakini vumbi linakuwa limeshakaa."

"Nani alikuagiza?"

Akanishangaa. "Nyapara. Si kwa ajili ya mama yenu?"

Jumamosi, 1 Machi

Nimekwenda kwa Mpishi. Nyumba yake ina mlango wa bati la bluu, na ndani ni safi kuliko kofia yake. Mkewe akanikaribisha kiti akijua kabisa mimi ni nani. Mpishi alikuwa anarekebisha jiko la mafuta ya taa, vidole vyeusi, hakuinuka.

Nikamwomba radhi. Si kazi ninayoijua vizuri; maneno yalitoka yamepinda.

"Ulijua kuna maji?" nikamuuliza.

"Mvuke nauona, dada. Mimi si kipofu. Siku ya kwanza nikamwambia nyapara, hii imelowa. Akasema ongeza moto, itakauka. Nikaongeza."

"Na moshi ukauona."

"Nikauona. Nikajua naunguza. Nikaendelea kuunguza kwa sababu aliyeniambia ni yeye. Hapo sina utetezi."

"Mbele ya Mhandisi kwa nini hukusema?"

Akapuliza tundu la jiko, akalichungulia. "Nilimsubiri aseme yeye."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Njiani nilimtetea Kaka moyoni kwa kila njia niliyoweza. Hakujua madhara yake. Alimhurumia mama. Kila utetezi ulifika mpaka ile siku aliyotazama viatu, ukafia hapo. Hata kama hakujua kitu kingine chochote, siku ile alijua, na aliacha mtu mwingine aondoke.

Jumapili, 2 Machi

Nilimkuta jikoni kwa Mama anaosha vyombo. Mama alikuwa chumbani amejipumzisha, mlango wazi, kwa hiyo ugomvi mkubwa kuliko wote wa maisha yetu tumeufanya kwa kunong'ona.

"Umekuwa ukimwagilia kifusi," nikasema.

Hakukana. Aliweka sufuria chini. "Alikuwa anakohoa usiku kucha. Alinishika mkono akaniomba nipunguze vumbi tu. Ningemwambiaje, Mama, vumilia, barabara kwanza?"

"Ungefunika turubai."

"Turubai lingesubiri wiki mbili liagizwe. Nikasema boza kidogo kidogo. Nilidhani moto utayakausha, mdogo wangu. Wallahi nilidhani hivyo."

"Na Mpishi?"

Akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

"Mpishi nilitaka kumrudisha," akasema. "Barabara ikiisha."

"Kaka, barabara haitaisha. Mteremko ule utaachia kwa mvua ya kwanza."

"Labda hautaachia." Akanisogelea, nikaona macho yake mekundu. "Nisikilize. Ile ya kona imepita, si ndiyo? Mhandisi anataka sampuli mpya ya mteremko kesho. Mpe ya kona. Lami ni lami, nani atajua? Nimalize, nipate kupumua, mvua ziishe, halafu kiangazi kijacho nitakirekebisha kile kipande mwenyewe, kimya kimya."

Sikuamini ninachokisikia, na wakati huo huo nikajipata napiga hesabu ya kikopo kipi nitoe. Niandike ukweli: nilifikiria. Huyu alivaa viatu vilivyotoboka ili mimi nivae sare. Kumpa kikopo kimoja badala ya kingine ni kitu gani?

Kisha nikauona mteremko. Nikaona lori limejaa watu linashuka mvuani, na lami inabanduka chini ya matairi, na daraja lipo hapo chini.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi, au hutaki?"

"Vyote."

Hasira ikamtoka usoni, akabaki mtu mzima aliyechoka. "Basi kesho utasema."

"Sema wewe, Kaka. Ukisema wewe itakuwa nafuu."

"Nilipaswa kusema siku ile. Ulimi ukanifia." Akaning'iniza kitambaa. "Nakuomba moja tu. Mama asijue kuwa ni kwa sababu ya lile vumbi. Niahidi."

Nikamwahidi. Kutoka chumbani Mama akauliza mnanong'ona nini huko kama wachumba. Kaka akajibu kwa sauti ya kucheka kwamba tunagawana sufuria.

Jumatatu, 3 Machi

Nimesema. Nilitaka iwe ofisini, mlango umefungwa, lakini Mhandisi alikuwa uwanjani, na nilimshtaki Mpishi mbele za watu, kwa hiyo nikaona si haki nimsafishe faraghani. Nikaanza na langu: sampuli nilizokuwa naokota juu. Kisha maji. Sikutaja Mama, nikasema lilikuwa vumbi la kuwasumbua majirani.

Mhandisi akamgeukia Kaka. Safari hii Kaka alimtazama usoni.

"Ni kweli yote," akasema. "Na Mpishi arudishwe."

Mhandisi akakigeukia kile kifusi. "Ungeniambia kuna maji," akasema, "ningekuletea turubai. Umeniacha nimfukuze mtu." Akamwambia akabidhi funguo za stoo. Mimi akaniagiza nisiokote tena sampuli, nichimbe, hata kama nitatoka na tope masikioni. Mteremko wote ukwanguliwe upya. Mvua zisingesubiri.

Kaka alikabidhi funguo, akaivua fulana yake ya njano ya kazi, akaikunja mara nne. Akapita getini. Hakunitazama, na sikumlaumu, lakini niliumia mno.

Jumatano, 5 Machi

Mama anajua kwamba Kaka hana kazi na kwamba mdomo uliomtoa ni wangu. Mji huu hauna siri, ila la maji halijamfikia; dereva wa boza na wenzake nimewasihi. Amepakua chakula, akakaa, hakunikaribisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mpishi amerudi na kofia ile ile. Tumekitandaza kifusi uwanja mzima kikauke, tunakigeuza kwa makoleo na tingatinga. Lami mbichi ya mteremko tumeikwangua tukairudisha humo humo. Hiyo nayo ni kuukuu sasa, imezeeka ikiwa na wiki mbili. Nimeiongezea dawa. Vumbi limetanda hadi barazani kwetu.

Mama anakohoa. Kila anapokohoa namsikia kwa mgongo, nikiwa nimeshika koleo.

Jumamosi, 8 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Tumefunika turubai, tumefunua, tumefunika. Hayakumwaga.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwomba Mama ahamie kwa mama mdogo mpaka kazi iishe, huko hakuna vumbi. Akajibu akitazama dirishani: "Kaka yako alinipunguzia vumbi. Wewe umenipunguzia nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikasema nitaleta gari saa nne.

Amekubali kwenda, shingo upande.

Jumatano, 12 Machi

Mpishi anapika polepole mpaka natamani kumsukuma. Hakuna moshi wa buluu. Kila mzigo unapotoka nachimba sampuli, nakimbia maabara, narudi. Sindano imezama. Nimemwonyesha. Akasema, "Sasa unakula mapishi," na nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Mhandisi ameleta nyapara mwingine, kijana wa mahesabu, si mtu mbaya. Amesimama pale pale Kaka alipokuwa anasimama.

Ijumaa, 14 Machi

Ngurumo mbali. Kimebaki kipande cha chini kabisa, karibu na daraja. Mashine ya kutandaza imegoma asubuhi, mkanda umekatika. Tumekaa mteremkoni watu wazima tukitazama anga. Fundi amemaliza baada ya adhuhuri. Nyapara mpya akauliza tuendelee au tuahirishe. Wote wakanigeukia mimi.

Upepo ulikuwa na harufu ya maji. Tukiendelea na mvua ikatukuta, kipande kimeharibika. Tukiahirisha, mvua itakula ukingo ulio wazi na kupanda juu. Nikachimba mzigo uliokuwa umebaki kwenye lori, nikaupima joto, bado ulikuwa hai. Nikasema tuendelee. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyojisikia.

Mashine ya kushindilia ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na kila ikishuka nilitazama milima. Walipomaliza, mtu wa mwisho alikuwa bado anakusanya reki zake, tone la kwanza likanipiga shavuni.

Jumamosi, 15 Machi

Imenyesha usiku kucha. Nilifika mteremkoni kukiwa hakujakucha vizuri. Maji yalikuwa yanashuka kwa kishindo, mekundu, yamebeba matawi na kandambili za watu. Chini yake lami ilikuwa nyeusi, imetulia, haijabanduka hata ukingo mmoja.

Mpishi alikuwa ameshafika, kajifunika gunia. Mhandisi akaja na gari, akateremka, akatembea mteremko mzima na buti zake, akarudi. "Imeshika," akasema. "Utaratibu utaendelea." Akakung'uta buti. "Lilikuwa wazo la kaka yako. Nitaliandika hivyo." Nikamshukuru. Kazi hakumrudishia.

Nimelia kwenye mvua, ambako hapana anayekuuliza kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Mama amerudi nyumbani, kifua kimepoa. Kaka alikuja kumsalimia. Anafanya kibarua cha kupakia mchanga, mikono imepasuka. Tulikula watatu, ila Mama alizungumza na mmoja. Akamwekea nyama zote nzuri. Akasema kuna watoto huzaliwa kukutia nguvu na wengine huzaliwa kukutia aibu, na kila mtu ajijue. Nikamsogezea maji ya kunawa.

Kaka aliacha kutafuna. Nikamwona anavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Tulipotoka nje alinishika bega, mara ya kwanza tangu siku ya funguo.

"Namwambia leo hii," akasema. "Siwezi kukaa nakusikia unasimangwa kwa kosa langu."

"Ukimwambia atajua kikohozi chake ndicho kilichokutoa kazini. Unafikiri atapumua tena ndani ya nyumba hii?"

"Na wewe je?"

"Mimi nina mdomo, ukinizidia nitausemesha kwenye daftari. Nyamaza, Kaka. Wewe si ndiye uliyeniomba?"

Alikaa juu ya tofali barazani, akauficha uso kwa ile mikono iliyopasuka. Nilikaa karibu naye. Nilishamhukumu sana kwa kukaa kimya siku ile, na leo nimemwamuru akae kimya. Sijui kama ni kitu kile kile. Nadhani si kile kile, lakini sitaapa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempeleka Mama zahanati kupimwa kifua. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa nyembamba, magari hayakuwepo, akataka tutembee. Ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga barabara mpya. Kwenye mteremko alisimama, akaisugua lami kwa ncha ya kandambili, akatazama maji yanavyoteleza juu yake kwenda pembeni bila kuingia.

Jirani yetu wa zamani alikuwa anapanda na kapu. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, na jirani akasema barabara imekuwa nzuri, haijawahi kutokea.

"Hii aliianzisha mwanangu," Mama akasema, kidevu juu. "Yule wa kwanza. Akafukuzwa kabla haijaisha, kwa maneno ya ndugu yake mwenyewe."

Jirani akaniangalia, akaangalia chini, asijue pa kuweka uso.

"Ni kweli, ni yeye aliyeianzisha," nikamwambia.

Mama akaendelea kushuka. Nami nilikuwa ndiye niliyeshika mwavuli, kwa hiyo nikaongeza mwendo, nikamfikia, nikamfunika.